Majambazi Wasio na Nyuso

Hapa kwetu, mtu akisikia kwamba filamu imetoka Mashariki ya Mbali hujiandaa kuona ngumi na mateke. Iwe imetoka Hong Kong, iwe imetoka Japani, zote huitwa "za Kichina", na zote hupimwa kwa kipimo kimoja: wamepigwa wangapi, na stelingi ameshinda vipi. Kwa kipimo hicho, filamu ninayotaka kuizungumzia itawachosha wengi. Ni ndefu, dakika 207. Haina rangi. Tena kati ya wapiganaji wake saba, wanne hufa, jambo ambalo vijana wetu huliona kuwa ni kuvunja kanuni, kwa maana stelingi hafi.

Filamu hiyo ni Samurai Saba, iliyoongozwa na Akira Kurosawa mwaka 1954. Mwaka huohuo ilipata tuzo ya Simba wa Fedha katika tamasha la Venice, na mwaka 1960 Wamarekani waliichukua hadithi yake wakaifanya ya wapiga bastola. Wajuzi wamekwisha kuandika mengi juu ya mvua yake, matope yake na farasi wake. Mimi si mjuzi wa filamu. Nilikuwa mwalimu wa shule za msingi, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika wilaya za Ngara na Biharamulo, katika miaka ambayo neno jambazi lilitajwa kila siku. Kwa hiyo naipima filamu hii kwa kipimo cha mwanakijiji. Nauliza: je, ndivyo ilivyo?

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Ni mwaka 1586 hivi, Japani imechoka kwa vita vya mabwana wakubwa wanaogombea nchi. Genge la wanyang'anyi arobaini, wenye farasi, linasimama juu ya kilima na kukitazama kijiji. Mkubwa wao anakumbuka kwamba mwaka uliopita walikwisha kuchukua mpunga wa hapo. Basi waache kwanza shayiri iive, ndipo warudi. Mkulima mmoja anawasikia. Kijiji kinalia, kinagombana, kisha mzee wao anatoa shauri: watafuteni samurai wenye njaa. Samurai ni askari wa kuzaliwa, aliyefungwa kwa kiapo kwa bwana wake. Bwana akishindwa vitani, askari hubaki anazurura bila chakula wala heshima. Wanapatikana saba, malipo yao ni wali wa kushiba tu. Wanakizungushia kijiji boma na maji, wanawafundisha wakulima kushika mikuki ya mianzi, na mwishowe wanyang'anyi wote wanauawa.

Sisi tuliosoma vyuo vya ualimu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulilikariri neno ukabaila, lakini wengi tulilikariri kama jambo la vitabuni, la Ulaya ya kale. Watu wa Ngara hawana haja ya kwenda mbali hivyo. Bugufi na Bushubi zilikuwa na watawala wao mpaka Serikali ya Tanganyika ilipoufuta utemi mwaka 1963. Ng'ambo ya mto, Rwanda, ubuhake, yaani desturi ya mnyonge kujiweka chini ya bwana kwa ajili ya ng'ombe na ulinzi, ulifutwa kwa amri mwaka 1954, mwaka uleule filamu hii ilipotoka. Kwa hiyo mtu wa huku akiwaona wakulima wa Kurosawa wakiinama mpaka paji la uso linagusa ardhi, haoni mambo ya Wajapani tu. Anaona namna babu zake walivyosalimia.

Na wanyang'anyi je? Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti. Katika siku mbili za mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Pori la Benaco likageuka mji kwa usiku mmoja. Warundi walikuwa wamekwisha kuanza kuja tangu Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa. Waliokuja walikuwa watu wa taabu: akina mama, wazee, watoto wenye kuhara. Lakini vita havitoi wakimbizi peke yao. Hutoa pia bunduki zisizo na mwenyewe na vijana wasiojua kazi nyingine. Ujambazi wa kutumia silaha ukashika njia. Kutoka Ngara kupitia Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi kwenda Kahama, magari yalikusanywa yakaenda kwa msafara, polisi wenye silaha wakiyasindikiza. Njia ya Biharamulo kwenda Bukoba ilikuwa na pori la Kasindaga, na jina hilo peke yake lilitosha kunyamazisha abiria wote ndani ya basi. Nilikuwa miongoni mwa walimu wakuu waliokwenda wilayani kuchukua mishahara ya wenzao. Fedha niliziweka chini ya unga wa muhogo ndani ya mfuko, na njia nzima sikuuangalia mfuko ule, ili mtu asinione nikiuangalia.

Kwa hiyo nasema kwa ujuzi wangu: mambo mengi Kurosawa ameyapata barabara. La kwanza ni kungoja mavuno. Jambazi wa kweli havamii ovyo. Majambazi wetu nao walijua siku ya mnada wa ng'ombe, siku ya malipo ya kahawa, na mwisho wa mwezi wa walimu. La pili ni nyumba za pembeni. Katika filamu, nyumba tatu ziko ng'ambo ya kijito, na Kambei, kiongozi wa wale saba, anaamua kwamba haziwezi kulindwa. Zitaachwa ili nyumba ishirini zipone. Wenye nyumba zile wanatupa mikuki chini na kutaka kuondoka wakalinde kwao. Kambei anachomoa upanga na kuwarudisha mstarini. Kila kijiji kilichopakana na pori kinaijua hesabu hiyo, na kinawajua wale waliokuwa upande wa tatu, si wa ishirini.

La tatu ni bunduki. Wanyang'anyi wa filamu wana bunduki tatu tu, silaha iliyoletwa Japani na Wareno mwaka 1543. Samurai wanne wanaokufa, wote wanakufa kwa risasi. Hata Kyuzo, yule mkimya ambaye hakuna awezaye kusimama mbele ya upanga wake, anaangushwa na mtu aliyejificha ndani ya kibanda. Maarifa ya miaka yote yakapotea kwa kidole kimoja. Nani aliyeishi huku asiyejua habari ya mshale mbele ya SMG?

Kubwa kuliko yote ni habari ya Kikuchiyo, aliyechezwa na Toshiro Mifune. Huyu anajidai kuwa samurai, kumbe ni mtoto wa mkulima. Siku moja wakulima wanafumaniwa wakiwa wamezificha deraya na silaha za samurai waliowavizia na kuwaua walipokuwa wakikimbia vita. Samurai wanakasirika, mmoja wao yuko tayari kukiua kijiji chote. Hapo Kikuchiyo anapasuka. Anakubali kwamba wakulima ni wachoyo, waongo, waoga na wauaji. Kisha anawageukia wenzake na kuwauliza ni nani aliyewafanya wawe hivyo, kama si watu wa panga waliochoma vijiji vyao, wakachukua chakula chao na wanawake wao? Kambei anainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Katika filamu zote nilizopata kuziona, sijaona mahali pengine ambapo mlinzi anaambiwa usoni kwamba yeye na mnyang'anyi wametoka tumbo moja.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu na filamu hii, kwa sababu ninao. Kambei ana karatasi. Ameandika juu yake viduara, kila kiduara mnyang'anyi mmoja, na kila mmoja akiuawa anakipiga kalamu. Hesabu inashuka mpaka karatasi inakwisha. Kwa vita ni jambo la busara. Lakini nilipoiona karatasi ile nilikumbuka daftari la mahudhurio darasani: mwalimu mvivu huziona alama tu, hamwoni mtoto. Kurosawa amewapa wakulima nyuso, amewapa na samurai, wanyang'anyi amewanyima. Hatujui mmoja wao ametoka wapi, wala ana mama. Na dalili zimo humo humo ndani ya filamu! Wamevaa deraya na kofia za vita, wanapanda farasi kama askari. Ni samurai walewale waliokosa bwana, ila wao hawakuletewa wali na mkulima, waliufuata wenyewe. Hotuba ya Kikuchiyo imefungua mlango huo, na mwenye filamu amepita mbele yake bila kuingia.

Tena katika kijiji cha Kurosawa hakuna hata mtu mmoja aliyewapasha wanyang'anyi habari. Hilo, kwa uzoefu wetu, ni vigumu kuliamini. Siku ya malipo ya kahawa haikuandikwa barabarani. Aliyetoka ng'ambo na bunduki hakuijua njia ya mkato ya kutokea pori la Burigi, wala hakujua ni mwenye duka gani aliyeuza ng'ombe juzi. Alikuwapo mwenyeji wa kumwonyesha, na mwenyeji huyo alikula naye posho. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini miaka ile ilikuwa rahisi zaidi kusema "ni wakimbizi", maana neno hilo halikumgusa mtoto wa jirani. Wanyarwanda wakarudishwa kwao Desemba 1996, na ujambazi haukuondoka nao. Hapo kila mwenye masikio angepaswa kusikia. Filamu inayomfanya jambazi kuwa kiduara tu humpa mwanakijiji raha ya uongo: kwamba ubaya hushuka kutoka kilimani, ukiwa juu ya farasi, na ukiisha kuuawa umekwisha.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ambapo kiduara kinapata uso, na kwa sehemu hiyo namsamehe Kurosawa mengi. Kabla ya mapigano, mpelelezi mmoja wa wanyang'anyi anakamatwa, anafungwa kamba, anaomba aachwe hai. Wakulima wanataka kumrarua. Samurai wanawazuia: mtu huyu amejisalimisha, ni mateka. Ndipo anapotokea bibi kizee, mgongo umepinda, jembe mkononi. Watu wake wote wameuawa na wanyang'anyi. Mzee wa kijiji anasema aachiwe alipe kisasi cha mwanawe. Samurai wanasogea pembeni, nyuso zao zimekunjamana. Bibi anatembea polepole kumwendea yule aliyefungwa. Hatuonyeshwi jembe likishuka.

Nilipoiona filamu hii safari ya pili, nyumba yangu ilijaa. Mjukuu wangu alikuja nayo ndani ya kompyuta, wakaja vijana wa jirani, akaja na mzee mwenzangu mmoja aliyekuwa sungusungu tangu siku za mwanzo. Mimi nilikuwa natafsiri maandishi ya chini. Bibi yule alipoinua mguu kumwendea mateka, vijana walipiga makofi. Mzee mwenzangu hakupiga.

Kijana mmoja akamwuliza, "Babu, hukufurahi? Si haki yake?"

Akajibu, "Mjukuu wangu, wewe umemwona huyu mmoja, na filamu imekwambia ni mwizi kweli. Sisi hatukuwa na filamu ya kutuambia."

Hakuongeza neno, na hakuna aliyemhimiza.

Wasomaji wa mbali na kanda yetu wataniwia radhi nikieleza. Sungusungu ni ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, upande wa Kahama na Nzega, wakati wizi wa ng'ombe ulipopamba moto. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha silaha nyingi mikononi mwa watu, na wanakijiji waliona polisi wako mbali na mahakama iko mbali zaidi. Wakachagua viongozi wao, wakashika pinde na mishale ya sumu, filimbi ikilia kila mwanamume anatoka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Usukuma ulipohamia Biharamulo kutafuta malisho na mashamba, sungusungu walihamia nao. Wizi ulipungua, hilo nalishuhudia. Usiku tulilala.

Lakini filimbi ileile iliwahi pia kulia nje ya nyumba ya asiyekuwa mwizi. Walikuwapo watuhumiwa walioteswa mpaka wakakiri wasiyoyatenda. Walikuwapo akina bibi waliofukuzwa vijijini, na wengine wakauawa na watu, kwa kisa cha macho mekundu, ambayo kila mpika kwa kuni anayo. Msomaji na auangalie mgeuko huo. Katika filamu bibi kizee ndiye mwenye jembe. Usukumani mara nyingi bibi kizee ndiye aliyekuwa amefungwa. Kijiji ni kilekile, hasira ni ileile, na watu wanaosogea pembeni ni walewale.

Hapa ndipo naiona tofauti kubwa kati ya hadithi ya Kurosawa na yetu. Samurai ni watu wa kukodiwa. Mwishoni wakulima wanapanda mpunga kwa ngoma na nyimbo, na wale watatu waliobaki hai wanasimama chini ya makaburi manne ya wenzao, wakijua kwamba ushindi ni wa wakulima, si wao. Hakuna anayewatazama. Kesho wataondoka na panga zao. Sungusungu haondoki. Ni ndugu yako, shemeji yako, baba wa mwanafunzi wako. Vita vikiisha, bado ana upinde, ana filimbi, na ana kiti katika baraza linaloamua nani mwema na nani mbaya. Kurosawa anatufundisha vizuri sana jinsi mnyonge anavyopata ushujaa wa kushika mkuki. Jinsi ya kuuweka chini hatufundishi. Katika picha ya mwisho wakulima wameshika miche, na mikuki haionekani tena, kana kwamba imeyeyuka.

Historia ya Japani yenyewe haikuiyeyusha. Mwaka 1588, miaka miwili tu baada ya wakati wa hadithi hii, Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa ameishika nchi, aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga, mikuki, pinde na bunduki. Nchi ikaja kutulia, lakini mkulima akabaki mikono mitupu mbele ya samurai kwa zaidi ya karne mbili. Sisi tulichagua njia nyingine: tukamwachia mkulima upinde wake, tukamwekea sheria. Naamini njia yetu ni bora, maana inamheshimu mtu. Lakini ni ngumu zaidi, kwa sababu Hideyoshi alihitaji kukusanya vyuma tu, na sisi tunahitaji kila usiku mtu mmoja katika kundi, ambaye atasema: huyu apelekwe kituoni, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha, hata kama tunamjua. Samurai walimsema hivyo mateka wao, kisha wakanyamaza mbele ya jembe la bibi. Kunyamaza kwao ndiko kunakonikera mpaka leo, na ndiko kunakonifanya niiheshimu filamu. Kurosawa angeweza kuwapa maneno mazuri, hakuwapa.

Pori la Burigi sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu mwaka 2019, na watalii hulipa wapate kuingia mahali ambapo sisi tungelipa ili tusipite. Vijana wa leo wanasikia habari za misafara ile kama ngano, nami nafurahi kwamba ni ngano kwao. Ila kuchoma mwizi si ngano. Kelele za "mwizi" bado hukusanya watu na mawe, mijini na vijijini, na wanaopiga makofi ni wengi kuliko wanaouliza.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu walio bado kazini: mkiweza, waonyesheni wanafunzi wa sekondari filamu hii, hata kwa siku mbili, maana katikati ina mapumziko. Msiwaulize stelingi ni nani. Waulizeni wanyang'anyi wale walikuwa nani kabla ya kuwa wanyang'anyi. Waulizeni nani katika kijiji chao anakaa nyumba tatu za ng'ambo. Halafu rudisheni mahali bibi anapotembea na jembe, muisimamishe picha kabla hajafika, na mumwulize kila mtoto kwa jina lake angesimama wapi.